Shajara ya mradi: mtandao wa maji kutoka karatasi hadi GIS (mfumo wa taarifa za kijiografia), wiki ya 1 hadi ya 14

Eneo ni ukanda mmoja wa usambazaji unaolishwa na tangi moja. Vilivyokuwepo mwanzoni ni michoro 23 ya karatasi kwa skeli ya 1:2,500, lahajedwali la wateja, na vichwa vya mafundi wanaokumbuka vali gani imefukiwa chini ya lami ipi. Zana: PostgreSQL yenye PostGIS (kiongezi cha data za ramani) kwa hifadhidata, QGIS (programu ya ramani) mezani, QField (mwenzake wa uwanjani) kwenye vishikwambi viwili, kipokezi kimoja cha setilaiti cha RTK (kinachosahihishwa papo hapo), na EPANET kwa hesabu za presha.

Swali la mradi ni moja: bomba hili likipasuka sasa hivi, zifungwe vali zipi, na nani watakauka? Taarifa yoyote isiyosaidia kulijibu au kulihakiki jibu lake haikukusanywa. Ramani nzuri ya ukutani si lengo, ingawa kila anayepita ofisini huiulizia.

Wiki ya 1: majedwali kabla ya mistari

Hakuna mstari uliochorwa wiki hii. Yamejengwa majedwali saba: bomba, vali, kiungio, hidranti, dira, chemba, tangi. Jedwali la bomba lina malighafi, kipenyo cha nje, kipenyo cha ndani, daraja la presha, mwaka wa kulazwa, hali (linatumika, limeachwa, limeondolewa), chanzo cha taarifa, na ngazi ya ubora wa mahali.

Ngazi ya ubora imefuata mpangilio wa herufi nne wa kiwango cha ASCE 38 cha Marekani. D ni taarifa ya karatasi au ya mdomo. C ni karatasi iliyolinganishwa na vitu vinavyoonekana juu ya ardhi na kupimwa, kama mifuniko na hidranti. B ni bomba lililotafutwa kwa kifaa cha kugundua vilivyo chini. A ni lililofukuliwa, likaonekana kwa macho na kupimwa. Uga huu una herufi moja tu, lakini ndio unaomwambia mchimbaji kama atumie mashine au koleo. Mstari wa D na mstari wa A vikichorwa kwa rangi ileile, ramani inadanganya hata kama kila kilichomo ni kweli.

Malighafi huchaguliwa kwenye orodha, haiandikwi kwa mkono. Kumbukumbu za zamani zilikuwa na "PVC", "P.V.C", "uPVC" na "pvc " yenye nafasi tupu mwishoni, na kwa kompyuta hizo ni malighafi nne. Kipenyo kisichojulikana kinaachwa wazi, hakiwekwi sifuri. Sifuri ni kipimo. Ikiingia kwenye wastani inaharibu hesabu, na ikiingia EPANET inasimamisha kazi nzima.

Namba ya utambulisho ni UUID, msimbo mrefu wa nasibu usiojirudia. Namba za mfululizo hazifai pale vishikwambi viwili vinapofanya kazi bila mtandao: kila kimoja kitazaa vali namba 1042, na jioni zitagongana. Pembeni yake kuna namba fupi ya kusomeka na binadamu, ile inayobandikwa kwenye mfuniko. Hiyo namba fupi ilionekana ni anasa wiki hii. Wiki ya 12 ilituokoa.

Mfumo wa viwianishi: UTM, gridi ya dunia inayopima kwa mita, kanda ya eneo husika (msimbo wa EPSG, yaani namba ya orodha ya mifumo ya viwianishi, huanza na 326 kaskazini ya ikweta na 327 kusini, kisha namba ya kanda). Data isihifadhiwe kwa digrii za EPSG:4326 kwa kazi hii. Ukiiambia PostGIS itafute vali zilizo ndani ya 0.5 ya bomba huku data iko kwa digrii, nusu digrii ni takriban kilomita 55. Swali litajibiwa, na hakuna onyo litakalotokea.

Jambo moja la kukumbuka kuhusu UTM: kwenye mstari wa katikati wa kanda kipimo kimepunguzwa kwa 0.9996, yaani kilomita moja ya ardhini inasomeka sentimita 40 pungufu kwenye ramani. Kwa kutafuta vali haina maana yoyote. Kwa kuagiza mabomba ya kilomita nyingi, urefu uhesabiwe kwa aina ya data ya "geography".

Wiki ya 2 na ya 3: michoro ya karatasi

Michoro imeskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi. Hapo nukta moja ni milimita 0.085 ya karatasi, na kwa skeli ya 1:2,500 ni sentimita 21 ardhini. Inavutia, lakini wino wa mstari wenye unene wa milimita 0.5 unafunika mita 1.25 za ardhi. Kuskani kwa nukta 600 kungeongeza ukubwa wa faili tu. Wino haupungui unene.

Kila mchoro umefungwa kwenye ramani kwa alama 6 hadi 8 za udhibiti, na alama 2 za ziada zilizotunzwa kwa kuhakiki bila kutumika kwenye ukokotoaji. Hesabu iliyotumika ni polinomia ya daraja la kwanza, inayohitaji alama 3 tu, ili zilizobaki zifichue kosa. Ule mtindo wa kunyumbua karatasi uitwao "thin plate spline" tuliujaribu kwenye mchoro mmoja tukauacha: hupitia kila alama kwa usahihi kamili, kwa hiyo kosa linaloonyeshwa ni sifuri hata kama alama mbili zimebadilishana mahali. Kosa la sifuri kwenye karatasi ya zamani iliyokunjwa ni dalili ya ugonjwa.

Mchoro namba 14 ulitoa kosa la wastani la mita 9. Alama za udhibiti zilikuwa pembe za makutano ya barabara, na barabara ile ilipanuliwa baada ya mchoro kuchorwa. Zilipobadilishwa na misalaba ya gridi iliyochapwa kwenye karatasi yenyewe, kosa lilishuka hadi mita 1.4. Tangu hapo kanuni ni hii: misalaba ya gridi kwanza, kona za majengo ya zamani pili, barabara mwisho kabisa.

Michoro mitatu haikuwa ramani bali vielelezo. Mchoraji aliweka bomba katikati ya barabara ili maandishi yapate nafasi. Ungeweza kuifunga kwa ustadi wa ajabu na bado bomba likawa upande wa pili wa barabara. Yote imeingia kama D na imebaki hivyo.

Tahadhari ya kuchora kwenye QGIS: umbali wa kunasa ncha usiwekwe kwa pikseli. Pikseli 12 kwenye skrini ya kawaida ni mita 1.6 ukiwa kwenye skeli ya 1:500, na karibu mita 16 ukiwa 1:5,000. Mchoraji mmoja akisogeza ramani mbali kidogo, ncha inarukia bomba la mtaa wa jirani. Uwekwe kwa mita. Sisi tumeweka 0.3.

Wiki ya 4 hadi ya 6: uwanjani

RTK ikishika sawasawa (ikipata jibu thabiti la mahali) hutoa sentimita 1 hadi 2 kwa ulalo, na kama mara mbili ya hapo kwa mwinuko. Ikiwa chini ya miti au kando ya ukuta mrefu inaelea, na kosa linafika desimita kadhaa bila skrini kubadilika sana. Ndiyo maana hali ya kushika inaandikwa kwenye kila nukta, na nukta inayoelea haipandishwi ngazi. Fimbo ya mita 2 ikiinama digrii 5 inahamisha nukta kwa sentimita 17, hivyo kiputo cha fimbo kina thamani kuliko vipuri vingi vya bei kubwa.

Kipokezi hakisomi ndani ya chemba. Hupimwa mfuniko, kisha utepe unapima kutoka katikati ya mfuniko hadi shina la vali na uelekeo wake. Tofauti ya sentimita 60 ni ya kawaida, na kwenye chemba yenye vali tatu ndiyo inayotenganisha vali sahihi na ya jirani. Hakuna anayeingia chemba bila hewa kupimwa kwanza na mwenzake kubaki juu.

Kwenye vali, vitu vinavyostahili kuandikwa ni vichache, ila visikosekane: kipenyo, uelekeo wa kufunga (zipo zinazofungwa kinyume na saa), idadi ya mizunguko, hali iliyokutwa, na hali ya kawaida. Hali iliyokutwa na hali ya kawaida ni nyuga mbili tofauti. Vali iliyokutwa imefungwa ilhali inatakiwa iwe wazi ni habari kubwa, na ukiwa na uga mmoja habari hiyo inafutika pale fundi anapoifungua.

Mizunguko ina kipimo chake cha haraka: vali ya lango huchukua takriban mara tatu ya kipenyo chake kwa inchi, ukiongeza miwili au mitatu. Ya inchi 6, yaani milimita 150, ni kama mizunguko 20. Vali moja ya 150 iligoma kwenye mzunguko wa 9. Ukiangalia kifunguo tu ungesema imefungwa. Kumbe kuna kokoto kwenye kiti cha lango na maji yanapita nusu. Imeandikwa "haifungi kabisa", na kwa mahesabu ya baadaye hiyo si vali, ni kipande cha bomba.

Kutafuta mabomba ya chini: kifaa cha sumaku-umeme kinafanya kazi kwa chuma, au kwa plastiki iliyolazwa na waya wa kufuatia. Kwa kilohetsi 33 ishara inashika kwa urahisi, lakini inarukia kebo iliyo sambamba. Kwa hetsi 512 inakwenda mbali bila kuhama ovyo, ila inataka kuunganishwa moja kwa moja na chuma. Kina kinachosomwa karibu na kona au njiapanda ya bomba hakiaminiki. Sogea mita kadhaa upime upya. Rada ya ardhini ilijaribiwa kwenye mfinyanzi uliolowa na haikuona kitu. Mfinyanzi wenye unyevu humeza mawimbi, na hakuna mipangilio ya kifaa itakayobadilisha hilo. Sehemu hiyo imebaki C.

Kosa letu la fomu: mwaka wa kulazwa uliwekwa kuwa lazima. Matokeo yake, mabomba mengi ajabu yalionekana kulazwa mwaka 2000, kwa sababu fundi asiyejua alihitaji kuandika chochote ili fomu ikubali kufungwa. Sasa mwaka si lazima, na pembeni kuna uga wa "umejuaje". Mabomba yote ya 2000 yamefutiwa mwaka.

Vishikwambi: mwanzoni vyote viwili vilikuwa na eneo zima. Vali moja ikahaririwa kwa wote, aliyelandanisha mwisho akamfuta wa kwanza kimyakimya. Eneo limegawanywa, kila kishikwambi na nusu yake.

Wiki ya 7 hadi ya 9: kuunganisha

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kwenye skrini mtandao ulionekana umeshikana wote. Hesabu ya kwanza ya vipande vilivyoungana ilileta vipande 61. Mtandao wa tangi moja ulipaswa kuwa kipande 1.

Sababu ni nne, na kila moja ina dawa yake. Ncha mbili zinaachana kwa milimita 3, jicho haligundui. Bomba dogo linagonga bomba kuu katikati ya urefu wake, lakini bomba kuu halikukatwa pale, hivyo hakuna kiungio. Vali imekaa juu ya mstari bila kuukata. Na tatu hizo zikishatengenezwa kwa pupa inazaliwa ya nne: mabomba yanayopishana tu, moja juu na jingine chini, yanaunganishwa wakati ardhini hayagusani. Kwa sababu hiyo ST_Node haikutumika (majina yanayoanza na ST_ ni amri za PostGIS). Hukata kila makutano bila kuuliza.

Mlolongo uliofanya kazi ulianza kwa kuvunja mistari ya vipande vingi kwa ST_Dump na kuondoa yenye urefu sifuri. Viwianishi vikapigwa kwenye gridi ya milimita 1 kwa ST_SnapToGrid. Ncha zote zikatolewa na kukusanywa kwa ST_ClusterDBSCAN, umbali 0.3, idadi ya chini 1. Kundi lolote lenye upana unaozidi 0.3 likakaguliwa kwa macho, maana ncha hushikana mnyororo: ya kwanza karibu na ya pili, ya pili karibu na ya tatu, mwishowe kundi lina mita nzima. Baada ya hapo zikatafutwa ncha zinazogonga bomba katikati:

SELECT n.id AS ncha, b.id AS bomba,
       ST_Distance(n.geom, b.geom) AS mwanya
FROM ncha n
JOIN bomba b ON ST_DWithin(n.geom, b.geom, 0.5)
WHERE b.id <> n.bomba_id
  AND ST_Distance(n.geom, ST_Boundary(b.geom)) > 0.5
ORDER BY mwanya DESC;

Bomba linalojifunga pete halina ncha, ST_Boundary yake ni tupu, na swali hili hulipita bila kelele. Yalikuwa mawili, yakashughulikiwa kwa mkono. Indeksi ya GiST (inayoharakisha utafutaji wa mahali) iwepo kwenye bomba kabla ya kuendesha, la sivyo utasubiri hadi chai ipoe.

Kukata bomba penye kiungio kulikula siku mbili. ST_Split kwa nukta inataka nukta iwe juu ya mstari kikamilifu. Nukta iliyokokotolewa kwa ST_ClosestPoint karibu kila mara haiko juu ya mstari, kwa sababu namba za desimali za kompyuta zina kikomo na nukta inakaa sehemu ndogo mno ya milimita pembeni. ST_Split inarudisha bomba zima bila kulikata na bila kosa. Dawa: kwanza mstari unaswe kwenye nukta kwa ST_Snap, ili nukta iwe mojawapo ya vituo vya mstari, ndipo ST_Split. Ukinasa nukta kwenye mstari badala ya mstari kwenye nukta, umerudi ulipoanza.

Jaribio la kupandisha umbali wa kunasa hadi mita 1, kwa lengo la kumaliza haraka, liliharibu. Kuna barabara yenye bomba la zamani la chuma cha kusubu la 100 na bomba jipya la 160 kwenye mtaro mmoja, sentimita 80 kati yao. Kwa mita 1 viungio vyao vilishikana, na maji ya kompyuta yakaanza kupita kwenye bomba lililokufa. Nakala ya usiku ilirudishwa. Umbali umebaki 0.3 kwa mashine. Kila kinachozidi hapo hadi 2.0 kinapita mikononi mwa mtu mwenye mchoro na picha ya chemba.

Mwisho wa wiki ya 9: vipande 4. Kimoja ni mtandao wenyewe, viwili ni mabomba yaliyoachwa (ni halali yaelee), na cha nne ni mtaa unaopata maji kila siku ila hatujui unayapata kutoka bomba lipi.

Wiki ya 10: swali la vali

Utafutaji ni mwepisi kueleza. Anza kwenye bomba lililopasuka, tembea pande zote, simama kila ukikuta vali inayofungika, orodhesha vali ulizosimamia. Vali yenye alama "haifungi kabisa", "haijaonekana" au "imefukiwa" hupitwa kana kwamba haipo. Vali ya upande mmoja nayo hupitwa. Huzuia maji kurudi, haifungi kwa amri.

Hatua ya pili husahaulika mara nyingi: ondoa sehemu iliyotengwa, kisha tembea upya kutoka kwenye tangi. Wote wasiofikiwa wanakauka, hata kama bomba lao liko nje ya vali zilizofungwa. Mtaa ulio mwisho wa tawi hauonekani kwenye hatua ya kwanza kabisa. Kwenye pgRouting, kiongezi cha kutafuta njia kwenye mtandao, vali iliyofungwa hupewa gharama hasi, na gharama hasi maana yake njia hiyo haipo.

Kwa SQL tupu, swali la kujirudia (WITH RECURSIVE) lilienda vizuri na UNION, kwa kuwa UNION hutupa safu iliyokwisha kuonekana. Kisha ikaongezwa nguzo ya kuhesabu hatua, na seva ikazunguka hadi ikasimamishwa kwa nguvu. Mtandao una pete. Kila mzunguko wa pete ulileta kiungio kilekile chenye namba mpya ya hatua, na UNION ikakiona ni kigeni. Nguzo ya hatua imetolewa.

Jaribio na mafundi: bomba kumi zilizochaguliwa, kompyuta inajibu, fundi anajibu bila kuona. Saba zililingana. Mbili fundi alitaja vali zaidi, kwa sababu alijua nyingine zimefunikwa na lami na hazifikiki. Kompyuta ilizihesabu nzima. Moja kompyuta ilishinda: vali iliyowekwa fundi yule akiwa zamu nyingine.

Wiki ya 11: wateja

Lahajedwali lilikuwa limefunguliwa na kuhifadhiwa mara nyingi. Sifuri za mbele za namba za akaunti zimepotea, na namba za dira zinazozidi tarakimu 15 zimegeuzwa sifuri kuanzia ya 16, kwa kuwa Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Sifuri za mbele zinarudishika ukijua urefu wa namba. Tarakimu za mwisho hazirudi. Inabidi kwenda kusoma dira. Faili mpya inaingizwa nguzo zote zikiwa maandishi.

Kuunganisha dira na bomba la karibu zaidi kunadanganya penye mabomba pande zote mbili za barabara. Umbali umetumika kama pendekezo tu, na uga wa chanzo unasema "kadirio" hadi msoma dira athibitishe.

Wiki ya 12 na ya 13: EPANET

Faili ya kwanza ilikataliwa yote. Utambulisho kwenye EPANET hauzidi herufi 31, na UUID ina 36. Ukiondoa vistari zinabaki 32, moja zaidi ya kikomo. Zimetumika namba fupi za wiki ya 1.

Vali za lango haziingii kwenye sehemu ya vali ya EPANET. Sehemu hiyo ni ya vali za kudhibiti presha au mtiririko. Vali ya kufungia huwakilishwa na hali ya bomba, wazi au limefungwa, na ya upande mmoja ni bomba lenye hali ya CV.

Kizio cha mtiririko kiwekwe LPS, lita kwa sekunde, kabla ya kitu kingine chochote. Kikibaki GPM, galoni kwa dakika, programu inasoma vipenyo kwa inchi na urefu kwa futi, na bomba la 110 linakuwa handaki. Presha zilitoka za kupendeza sana siku ya kwanza, ndicho kilichotia shaka.

Kipenyo cha nje na cha ndani: bomba la HDPE (plastiki) la 110 lenye SDR 17 (kipenyo cha nje kugawanya kwa unene wa ukuta) lina ukuta wa milimita 6.6, hivyo ndani ni 96.8. Upotevu wa presha kwa kanuni ya Hazen-Williams hubadilika kinyume na kipenyo kwa kipeo cha 4.87. Ukiweka 110 badala ya 96.8, upotevu halisi ni mara 1.86 ya ule uliohesabiwa. Lenye SDR 11 lina ukuta wa 10, ndani 90, na hapo kosa ni baya zaidi. Uga wa kipenyo cha ndani ulionekana wa ziada wiki ya 1. Sasa unajazwa kutoka jedwali la malighafi na daraja la presha.

Mwinuko nao ulitibuka. RTK hutoa urefu juu ya elipsoidi (umbo laini la kihesabu la dunia), tangi limeandikwa juu ya usawa wa bahari. Tofauti hiyo duniani inaanzia kama mita 106 chini hadi mita 85 juu, kutegemea mahali. Mita 20 za kosa ni karibu bar 2, zinazoonekana kwenye kila kiungio kwa kiasi kilekile. Presha zilizokosewa kwa kiasi kimoja kila mahali zitafutiwe hapa kabla ya kugusa ukwaru wa mabomba. Nukta zote zimebadilishwa kwa EGM2008, modeli ya tofauti hiyo duniani kote.

Baada ya hapo vinasa presha vitano viliwekwa kwa saa 24. Vinne viko ndani ya mita 3 za mfano wa EPANET (presha hapa ni kwa mita za kimo cha maji). Cha tano, kwenye kile kipande cha nne cha wiki ya 9, kilisoma mita 11 chini ya makadirio saa za asubuhi na kurudi sawa usiku. Upotevu unaokua na matumizi ni wa njia nyembamba: ama bomba dogo kuliko tulivyodhani, ama vali iliyofungwa nusu.

Wiki ya 14: matunzo

Kila badiliko la bomba au vali linaandikwa na kichocheo (amri inayojiendesha ndani ya hifadhidata) kwenye jedwali la historia: nani, lini, ilikuwaje, imekuwaje. Mafundi wanahariri hali ya vali tu. Jiometri inaguswa na watu wawili. Bomba lililoondolewa halifutwi, hubadilishwa hali. Kila shimo la matengenezo linarudi na picha yenye utepe wa kupimia, na kipande kile kinapanda hadi A. Nakala ya pg_dump inatoka kila usiku, na Ijumaa inarudishwa kwenye seva ya majaribio ili kujua kama inarudi.

Yaliyobaki: wateja wenye chanzo "kadirio", sehemu ya mfinyanzi iliyo C, na kipande cha nne. Mchimbo wa kukagua umepangwa mita 6 kutoka chemba 0217, penye mkunjo wa mtaro kwenye mchoro 14. Wachimbe kwa koleo.